Mchele mzuri, sitara haba: huduma ya jumuiya moja ya wajane na wazee, Chake Chake

Kwa miezi mitatu nimekuwa na shughuli na jumuiya moja ya hisani hapa Chake Chake inayogawa chakula kwa wajane na wazee, kwa sababu ya shangazi yangu, mjane aliyekwisha kuvuka miaka 70. Jina la jumuiya silitaji, maana waliomo ni watu tunaosali nao msikiti mmoja.

Nianze na mchele, kwani ndio unaowapeleka watu. Ulikuwa safi, hauna mchanga, na polo lilipimwa kwenye mizani mbele yetu. Mafuta na unga navyo vilitimia kama ilivyoandikwa kwenye kadi. Cheti cha Mrajis wa Jumuiya kimetundikwa ukutani, lakini kilichonipa imani zaidi ni daftari. Nilipomuuliza karani ni kiasi gani cha michango kinachobaki ofisini, alilifungua, akanionesha mstari wa posho, akanikumbusha kwamba hata Qur'ani, katika aya ya 60 ya Sura ya Tawba, inawataja wanaoitumikia zaka miongoni mwa mafungu manane yanayostahiki. Jawabu hilo lilinitosha. Ni wangapi watakaokufungulia daftari bila ya kukuuliza wewe ni nani?

Kasoro ni picha. Kabla ya kukabidhiwa, kila mtu husimamishwa mbele ya bango lenye jina la mfadhili huku amelishika polo lake. Shangazi aliuvuta ushungi hadi chini ya macho. Kijana wa kamera akamwambia, kwa adabu kabisa, "Bi mkubwa, funua kidogo, mfadhili akuone." Akafunua. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, naye si mtu wa kunyamaza.

Pensheni Jamii ya Serikali ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, haimtaki mzee aoneshe ufukara wake. Akifikia miaka 70 na ukaazi wake ukathibitika, basi. Hiyo shangazi huiita "changu", na siku ya kuipokea hurudi na masihara. Natambua kwamba jumuiya haina hazina ya kumpa kila mzee, kwa hiyo inalazimika kuchagua, na mfadhili ana haki ya kujua kama mali yake imefika. Hata hivyo, dole gumba kwenye daftari na shahidi mmoja kutoka kwa sheha, kiongozi wa mtaa, vingetosha, na mtu akabaki na sitara yake.

Mwezi wa tatu shangazi alinituma mimi na kadi yake, akisingizia magoti. Karani aliitazama kadi, akalitafuta jina akaliona, akaniambia kwamba mchele upo, ila mwenyewe asipofika kupigwa picha hautoki. Nilipompa habari hiyo, shangazi aliniambia niirudishe kadi.