RDS-Analyst kwa wanaochambua data za kuponi, maoni yangu baada ya miezi minne

Wadau wa takwimu, nimekaa na hii RDS-Analyst (programu ya kuchambua data za RDS, yaani respondent-driven sampling, sampo ambayo wahojiwa wenyewe wanawaleta wenzao kwa kuponi) kama miezi minne nikichambua data ya dada wa kazi hapa Dar, nimeona niandike maana kwa Kiswahili sijakuta mtu kaielezea. Ni ya bure, imejengwa juu ya R (lugha ya kompyuta ya takwimu) ila huandiki kodi, unabonyeza menyu tu kama kwenye programu ya SPSS, kwahiyo hata wenzetu ambao R hawajaizoea wanaingia nayo kazini siku hiyohiyo.

Dada wa kazi hawana orodha. Huwezi kwenda kwa mjumbe ukaomba majina yote uchague kwa bahati nasibu, wengine hata jirani hajui kama wapo humo ndani. Tukatumia hiyo RDS, njia ya mwanasosholojia Heckathorn ya mwaka 1997: unaanza na wachache, wanaitwa mbegu, kila mmoja unampa kuponi 3 zenye namba awapelekee wenzie anaofahamiana nao, wakija nao wanapewa 3 zao, mnyororo unakwenda mpaka unawafikia watu ambao mbegu hajawahi kuwaona. Wengi wakishapata sampo hiyo wanapiga asilimia moja kwa moja kama vile imetoka kwenye rejista, hapo ndo wanapokosea. Dada anayejuana na wenzie 40, wa sokoni, wa kanisani, wa kusubiri watoto basi la shule, kuponi ina njia nyingi sana za kumfikia kuliko yule anayefungiwa geti anayewajua 4 tu, so kwenye RDS-II, moja ya njia za kukadiria, jibu la yule wa 4 linapewa uzito, yaani linahesabiwa, mara 10 ya la yule wa 40. Kwetu swali la siku ya mapumziko lilibadilika kabisa baada ya uzito kuwekwa, maana wanaofungiwa geti ndo haohao wasio na mapumziko na kwenye sampo ni wachache.

Njia za kukadiria zipo kadhaa, zikiwemo RDS-I, RDS-II na ya mwanatakwimu Gile ya 2011 ambayo inajua kwamba mtu akishahojiwa harudi tena kapuni. Mi natumia ya Gile. Inataka uiambie watu wote wako wangapi, sasa kama hujui jaribu namba tofauti tofauti uone jibu linacheza kiasi gani, sisi halikucheza sana kwasababu tuliowahoji ni wachache mno ukilinganisha na dada wote wa jiji.

Grafu ndo nimezipenda kuliko kitu chochote. Unaona mti mzima wa nani kamleta nani, halafu kuna inayoonyesha jibu la kila mbegu linavyotembea kadiri watu wanavyoongezeka, mistari ikikataa kukaribiana ujue netiweki yako imekatika vipande. Mistari yetu ya Masaki na ya Temeke ilikwenda kila mmoja kivyake na bila ile grafu tungechanganya tu tukatoa namba moja ya jiji zima.

Ila msiichukulie kama dawa. Hapo Uganda vijijini njia hii ilipimwa kwa wanaume wakuu wa kaya 2402 ambao taarifa zao zilikuwa zinajulikana tayari, matokeo yakachapishwa 2012: waliofikiwa kwa kuponi walikuwa 927, vijana na wenye uwezo walipungua kwenye sampo, na mahesabu ya uzito hayakurekebisha hilo. Mimi baada ya kulisoma nimeacha kuandika ripoti bila kuweka asilimia ghafi pembeni ya ile yenye uzito.

Na uzito wote unatoka kwenye swali moja tu, unajuana na dada wa kazi wangapi. Sisi tuliliuliza hivohivo tu na watu wakajibu 10, 20, 50, wengine wakasema 0 wakati kuponi wameletewa na mwenzao, tukarudi kuwapigia simu mmoja mmoja wiki nzima. Duru ya pili tunauliza kwa ngazi: wangapi mnajuana kwa majina, kati yao wangapi wako Dar, kati ya hao wangapi mmeonana ndani ya wiki 2. Na namba za kuponi tunaandika tarakimu tupu, kwasababu herufi O na sifuri zilituvurugia nani kamleta nani.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Mwenye faili lake limegoma kuingia aniandikie hapa chini, nitamsaidia kuipanga.