Fundi bomba wa Sinza: nyota nne

Wiki mbili sikulala. Tii... tii... kila usiku bafuni, ukiwasha taa huoni hata tone. Fundi wa kwanza alibadilisha koki ya bomba la mvua, akala shilingi 40,000 zangu, sauti ikabaki palepale.

Huyu wa Sinza alifika, akaniomba nizime feni na redio, akasimama mlangoni kimya kama anayesikiliza matangazo ya msiba. Kisha akafunua tangi la choo, akainua boya kwa kidole kimoja. Kimya! Washa, kile kipira cha kuzuia maji kwenye vali ya boya, ilikuwa imelika, maji yanadondoka ndani kwa ndani na kutokomea kwenye bomba la kutolea maji yaliyozidi. Shilingi 15,000, na washa akatoa yeye.

Nyota moja nimeikata: alichelewa saa tatu, na simu hapokei.