Tahadhari: Muuzaji wa profaili za rangi ambazo hazijapimwa

Ndugu wasomaji, nawatahadharisha wote mnaochapisha picha, vitabu au matangazo kuhusu muuzaji wa mtandaoni anayetoza fedha kwa kile anachokiita profaili ya ICC "iliyotengenezwa mahususi kwa printa yako" (yaani faili linaloieleza kompyuta jinsi kifaa fulani kinavyotoa rangi), ilhali hajawahi kuona hata karatasi moja iliyotoka kwenye printa hiyo. Mimi aliniuliza modeli tu, na muda si mrefu faili likafika. Mwenzangu, mwenye printa ya kampuni nyingine na anayetumia karatasi isiyong'aa, alinunua kwake pia. Tulipoyafungua mafaili yetu kwa programu ya kukagua profaili, tulikuta maelezo ya ndani ni yale yale, tarehe na saa ya kutengenezwa ni ile ile, na kilichobadilishwa ni jina la nje pekee.

Profaili ya kweli haipatikani hivyo, kwa sababu hueleza tabia ya printa moja ikiwa na aina moja ya wino na ya karatasi. Fundi mwaminifu hukutumia kwanza chati yenye mamia ya vibao vya rangi, akakuelekeza uichapishe huku umezima usimamizi wa rangi kwenye programu na kwenye draiva (programu inayoendesha printa), uache wino ukauke barabara, kisha umpelekee karatasi yenyewe aipime kwa spektrofotomita, yaani kifaa cha kupima rangi. Anayekuomba picha ya chati iliyopigwa kwa simu, mkatae vilevile, kwani kamera na taa ya chumbani hupotosha rangi kabla hajaanza kazi.

Kilichoniudhi zaidi ni ahadi ya muuzaji huyo kwamba faili hilo hilo litarekebisha na skrini. Skrini huunda rangi kwa mwanga, printa kwa wino unaofyonza mwanga, na kila kifaa hupimwa peke yake. Tena zipo rangi za skrini, hasa kijani na buluu kali, ambazo wino wa kawaida hauzifikii kabisa. Anayeahidi zitalingana zote anadanganya.

Asipodai chati, msimlipe. Aliyekwisha kulipa adai fedha zake, akiambatisha picha ya maelezo ya ndani ya faili. Watengenezaji wengi wa karatasi za picha hutoa bure profaili za printa zinazotumika sana, nazo angalau zimepimwa kwenye karatasi hiyo.