Majani ya Bay Makavu: Kabla Hujanunua Pakiti, Angalia Mishipa

Habari zenu jamani, karibuni jikoni kwangu hapa Mtwara. Leo naanza moja kwa moja, maana hii pakiti imenikera. Majani ya bay makavu, shilingi elfu mbili. Kazi yake kwenye pilau mnaijua, tusipoteze muda hapo.

Namwaga yote kwenye sinia. Sogea na kamera, sogea zaidi. Hili jani lina mshipa mmoja mnene katikati, vimishipa vidogo vinatokea ubavuni. Hili ndilo bay lenyewe, Laurus nobilis, asili yake nchi za Mediterania, na Uturuki wanauza kwa wingi sana. Sasa shika hili refu. Hesabu nami: mshipa mmoja, miwili, mitatu, yote inaanzia huku chini kwenye kikonyo inapanda kuelekea kwenye ncha. Hili ni tejpatta, la India na Nepal, ukoo mmoja na mdalasini.

Nayavunja. Sikieni lile "kwachu", maana yake limekauka vizuri. La mishipa mitatu linanukia mdalasini na karafuu. La mshipa mmoja lina ukali wa mkaratusi, maana jani hili na la mkaratusi yote yana sineoli, ile kemikali ya harufu kali. Ladha mbili tofauti kabisa, na hawa wamezichanganya kwenye pakiti moja bila kuandika! Mimi pilau napikia tejpatta. Mchuzi wa pweza nataka la mshipa mmoja, linakata shombo vizuri. Sasa nikitia mkono humu gizani umeme ukikatika, nitajuaje nimeshika lipi?

Na haya ya chini, oneni: kahawia, nasugua kiganjani, nanusa... hakuna kitu. Takataka. Jani zuri likikauka hubaki na ukijani uliofifia.

Ila majani yenyewe nayapenda, msinielewe vibaya. Chungu hiki kina mbaazi kavu, zetu za huku kusini. Nimetia majani mawili tangu maji ya kwanza, pamoja na kitunguu, kwa sababu jani kavu linatoa harufu polepole. Ukisubiri hadi wakati wa tui umechelewa. Funua mfuniko... aah! Ningetamani mnuse. Tui zito linaingia sasa, moto mdogo, usiache kukoroga lisije likakatika.

Kabla ya kupakua, toa majani yote. Hili limechemka na mbaazi muda wote huo, nalikunja, bado gumu. Mtoto akilimeza linaweza kumkwama kooni. Ndiyo maana natia mazima, sivunji vipande.

Mlioniuliza kuhusu bizari ya pilau ya unga: ni nyepesi kutumia, lakini inatia mchuzi weusi, na ukizidisha huwezi kuitoa. Jani unalitoa.

Video ya ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, inakuja, nasubiri ipatikane mizuri, kwa hiyo bonyeza kengele.

Pakiti hii siinunui tena. Sokoni wapo wanaopima kwa mkono kutoka kwenye ndoo. Hapo unachagua jani moja moja, unanusa, na kwa elfu moja unapata ya kutosha. Ukifika nyumbani tia kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana, weka mbali na jiko. Haya, mbaazi zimeiva, nakwenda kupakua.