Darubini ya inchi 8 na galaksi ya M33: uzoefu wangu

Niliinunua darubini hii ya kioo cha inchi 8, ile ya mtindo wa Dobson (hukaa juu ya kitako rahisi cha kuzungushwa kwa mkono), kwa ajili ya galaksi moja: M33, iliyo katika kundi la nyota la Pembetatu. Usiku wa kwanza hadi wa nne nilitoka patupu.

Mng'ao wake umeandikwa 5.7 (kwenye kipimo hiki namba ikiwa ndogo, mng'ao ni mkubwa), nikadhani itakuwa rahisi. Kumbe mwanga huo wote umetandazwa kwenye eneo la anga pana kuliko mwezi mpevu. Lenzi ya kutazamia ya milimita 10 iliyokuja na darubini hukuza mara 120, na kwa ukuzaji huo galaksi hujaa hadi kingo zikapotea. Ni kama kutafuta ukungu ukiwa ndani ya ukungu. Hata ile ya milimita 25 inabana.

Dawa yake ilikuwa lenzi ya milimita 30 yenye upeo mpana, niliyoinunua kando. Hukuza mara 40 tu. Usiku wa tano mwezi haukuwepo. Nilizima taa zote, nikakaa gizani nusu saa mpaka macho yakazoea. Nikaanzia nyota ya Mirach: galaksi ya Andromeda iko upande mmoja, M33 iko upande wa pili, umbali unakaribia kulingana. Nikaipita mara mbili bila kujua. Mara ya tatu niliacha kukodoa, nikatazama kando kidogo, kwa kuwa mwanga hafifu hushikwa na pembe ya jicho kuliko katikati yake. Kisha nikaligonga bomba la darubini taratibu kwa kidole, maana kitu hafifu huonekana upesi kikitikisika. Nyota zikatikisika, na pamoja nazo likatikisika doa kubwa la kijivu.

Ndiyo yenyewe! Mwanga wa miaka takriban milioni 2.7 njiani, umeishia kwenye jicho langu, uani kwangu. Nilibaki pale mpaka shingo ikauma.

Kasoro zipo. Skrubu za darubini ndogo ya kulengea hulegea kila ninapoibeba, na kioo kikitoka ndani lazima kipoe kwanza, la sivyo nyota zinachezacheza. Kioo chenyewe sina la kulalamika. Wiki iliyofuata, pembezoni mwa lile doa, kilijitokeza kifundo kidogo cha mwanga: NGC 604, wingu linalozaa nyota, ndani ya galaksi ambayo si yetu.