Ununue nini kwanza ukitaka kujitengenezea sabuni na dawa za usafi nyumbani

Sehemu kubwa ya dawa ya usafi iliyomo kwenye chupa ni maji. Unayalipia maji hayo, unalipia na plastiki iliyoyabeba. Akiba iko hapo: nunua kitu kikavu, maji utie mwenyewe. Ila ukikusanya kila kinachotajwa kwenye maelekezo ya usafi wa asili, utatumia fedha nyingi kuliko uliyokuwa ukitumia mwanzo. Ndiyo maana nimevipanga kuanzia kile ambacho ningekinunua hata kama hela inatosha kitu kimoja tu.

Nacho ni sabuni ya mche, isiyotiwa rangi wala manukato. Kwaruza gramu 50, mimina lita 1 ya maji ya moto, koroga mpaka iyeyuke, kisha iache usiku kucha. Asubuhi utaikuta imeshika kama uji. Ikizidi uzito, ongeza maji. Inaosha vyombo, sakafu na nguo. Tatizo lake ni maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi: povu halikolei, na utando mweupe hubaki kwenye glasi.

Cha pili ni magadi, na hapa wengi hukosea kwa sababu yapo ya aina mbili. Magadi soda ya jikoni ni mapole, yanasugua sinki bila kulikwaruza na kupunguza harufu ndani ya friji. Magadi ya kufulia ni makali zaidi, na ndiyo yanayokata mafuta yaliyogandamana. Kama ni kuchagua, mimi nachukua ya kufulia. Vaa glavu, maana yanachubua mikono, na usiyatie kwenye sufuria za alumini. Yanazila na kuzitia weusi. Yasipopatikana, tandaza magadi soda kwenye trei, uoke kwa nyuzi 200 kwa saa moja hivi. Kaboni dayoksaidi na mvuke vitatoka, na kilo 1 itabaki takribani gramu 630 za magadi ya kufulia.

Nafasi ya tatu naipa asidi ya sitriki ya unga, ile asidi iliyomo kwenye ndimu, mbele ya siki, ingawa siki ndiyo inayosifiwa zaidi. Haina harufu kali, na pakiti ndogo inakaa muda mrefu. Chukua birika lililoganda chokaa. Tia lita 1 ya maji na vijiko viwili vya unga huo, chemsha, zima, subiri nusu saa. Utasikia mchirizo mdogo wa mapovu, kisha ukoko unaachia vipande vipande, na chuma kinaonekana tena. Suuza mara mbili.

Siki nyeupe ni ya nne. Inafaa kwa vioo na mabomba, lakini siki ya kawaida ina asidi kama asilimia 5 tu. Kilichobaki karibu chote ni maji, yale yale tuliyokuwa tunayakimbia. Usipake siki wala asidi ya sitriki kwenye jiwe halisi la marumaru, kwa kuwa zote mbili hulila.

Kuhusu kuchanganya, naomba unisikilize vizuri. Siki na magadi vikikutana hutoa povu la kupendeza, kisha vinauana nguvu na kukuachia maji yenye chumvichumvi. Siki ndani ya sabuni ya mche huikata kama maziwa yaliyoharibika. Niliwahi kufanya hivyo, mabonge meupe yakaziba chupa yangu ya kupulizia. Hayo ni hasara tu. La hatari ni asidi yoyote kukutana na dawa ya klorini: hutoka gesi ya sumu inayoumiza mapafu. Usijaribu hata kidogo.

Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, dawa ya maji ya kuua vijidudu, nimeiweka mwisho kwa kuwa si ya kila siku. Inunue kukiwa na mgonjwa nyumbani, kwani sabuni huondoa uchafu na siki si ya kutegemea kuua vijidudu. Safisha kwanza, ipulizie, iache dakika 10. Ibaki kwenye chupa yake nyeusi maana mwanga huivunja, na usiitie pamoja na siki kwenye chupa moja.

Mafuta ya manukato achana nayo, yananukia, hayasafishi. Boraksi, unga wa madini wa kufulia, pia siishauri kwenye nyumba yenye watoto.

Sabuni uliyoiyeyusha haina dawa ya kuihifadhi, basi tengeneza ya wiki mbili tu, na uandike juu ya chupa kilichomo na tarehe.