Polaraiza, stendi au ND: kipi ununue kwanza kwa picha za maporomoko ya Uganda

Ukimwambia muuza kamera wa Kampala kwamba unakwenda maporomoko ya Sipi, atakutolea stendi. Mimi nasema weka hela yako kwanza kwenye filta ya polaraiza, na sababu yangu ni saa ya kufika. Mpaka umelipia mwongozaji Kapchorwa, ukateremka ule mteremko wa utelezi kati ya migomba na mibuni, unasimama chini ya poromoko kubwa, la mita kama 100, jua liko utosini. Mawe yaliyolowa yanang'aa kama bati jipya na majani yamekuwa meupe.

1. Polaraiza. Ifunge mbele ya lenzi, kazia macho jiwe moja lililolowa, kisha izungushe polepole. Mng'ao unafifia, rangi ya jiwe inajitokeza, kijani kinarudi kwenye majani. Hakuna programu ya kompyuta itakayokurudishia kilichofunikwa na mng'ao. Tena inapunguza mwanga kwa stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hukata mwanga nusu), kwa hiyo maji yanaanza kulainika bila ND, ile filta ya giza ya kupunguza mwanga. Kama kamera yako ina kitulizi cha mtikisiko, egemea mwamba ujaribu kuacha shata wazi kwa robo sekunde.

Dukani, tazama skrini ya kompyuta mpakato kupitia filta huku ukiizungusha. Isipotiwa giza kabisa, au ikibaki na rangi ya zambarau, irudishe. Nunua saizi ya lenzi yako kubwa kuliko zote, halafu ringi za kuongeza saizi (step-up) kwa zile ndogo. Tahadhari moja: polaraiza inaweza kufuta upinde wa mvua. Kwenye maporomoko ya Murchison, pale Nile inapobanwa kwenye mwanya wa mita kama 7, jua likiwa mgongoni mwako upinde hutokea kwenye manyunyu ya maji. Endelea kuzungusha mpaka ukolee.

2. Stendi ya miguu mitatu. Ya kilo moja na nusu hivi inatosha. Nyepesi sana hutikiswa na upepo wa maporomoko, nzito utaichukia njiani. Inyooshe yote pale pale dukani, ubonyeze kichwa chake kwa kiganja. Ikiyumba, achana nayo. Tafuta yenye ndoano chini ya nguzo ya katikati, ya kuning'iniza begi. Kaboni ni nyepesi ila ghali; alumini haina aibu yoyote. Ukiingia mtoni, vuta kwanza vipande vyembamba vya chini, ili vifungio vibaki juu ya maji na mchanga.

3. ND ya stopu 6, ile iliyoandikwa ND64. Hii bila stendi haina kazi, ndiyo maana iko hapa. Picha iliyotaka 1/60 ya sekunde sasa inataka kama sekunde moja. Kwa maji yanayoanguka kwa nguvu, robo hadi sekunde moja ndiyo tamu. Ukizidisha sana, mto unageuka pamba isiyo na umbo. ND1000, ya stopu 10, acha kwa wapiga picha wa ziwa. Ile ND64 ijaribu juu ya karatasi nyeupe: ikileta wekundu au ubluu, utahangaika kurekebisha rangi.

4. ND ya kuzungusha, ya nguvu zinazobadilika. Inavutia kwa kuwa ni moja badala ya tatu, lakini ukiifikisha mwisho kwenye lenzi pana, alama ya msalaba mweusi hukatiza picha. Kwa video ni sawa.

Droni sikuiweka kwenye orodha, maana Uganda inataka kibali kabla hujairusha.

Mwenye simu tu anunue kishikio cha simu na stendi ndogo. Na yeyote yule asisahau vitambaa vitatu vya kufutia lenzi, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Juu ya Murchison kimoja kinalowa kabla hujapiga picha ya tatu.